Siku ya Saba ya Kichomi

Namba niliyoiandika mimi mwenyewe ndiyo iliyoninyima usingizi. Nilikuwa nimeiandika kwa kalamu ya risasi juu ya karatasi ya homa ya kijana mmoja wa Haneti, jioni aliyoletwa hospitalini: siku ya tatu ya ugonjwa. Siku moja ilikuwa imepita tangu hapo, karatasi ilisema siku ya nne, na alfajiri ndugu zake wangempandisha kwenye machela wambebe kwao, safari ya siku mbili. Ruhusa ya kumbeba ilitoka kwenye namba ile. Kama ilikuwa sawa, angefika. Kama haikuwa sawa, angekata roho njiani, katikati ya vichaka, nami ningekuwa nimemuua kwa kalamu.

Mtu mwingine angesema namba imeshaandikwa, akageukia ukutani akalala. Mimi siwezi. Tangu nikiwa shuleni nilikuwa nikirudi darasani mara mbili kuhakikisha kwamba nimefuta ubao, na nikishafuta nilianza kujiuliza kama nilichofuta kilitakiwa kubaki. Wenzangu walicheka. Mwalimu aliniambia nitafaa kwa kazi ya kunakili, kwa sababu mtu mwenye hofu hanakili vibaya. Nilimwamini. Nilimaliza shule ile ya serikali huko pwani, nikapewa cheti chenye muhuri wa tai, nikarudishwa bara, siyo kwetu kwenye milima ya Kibakwe, bali Dodoma, ambako reli ilikuwa imefika karibuni na hospitali ya reli ilihitaji karani anayejua Kijerumani, Kiswahili na Kigogo.

Hospitali yenyewe ilikuwa nyumba moja ndefu ya udongo iliyopakwa chokaa, yenye paa la bati na vitanda vichache. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri na kupima homa. Asubuhi, mchana na jioni nilimwekea kila mgonjwa kipimajoto kwapani, nikaweka nukta kwenye karatasi yake, kisha nikaziunga nukta kwa mstari wa buluu. Niliipenda kazi hii kuliko nilivyokiri kwa mtu yeyote. Ilinishangaza kwamba moto ulio ndani ya mwili wa mtu, ambao mama yangu aliupima kwa kumgusa paji la uso, unaweza kuchorwa ukaonekana kama vilima vinavyoonekana ukiwa mbali.

Bwana mganga, daktari wetu Mjerumani, alikuwa mtu wa maneno mengi. Hakuwa na Mzungu wa kuzungumza naye jioni, kwa hiyo alizungumza na mimi. Siku moja alinionyesha karatasi ya zamani ya mgonjwa wa kichomi, ule ugonjwa wa mapafu unaomchoma mtu ubavuni kila anapovuta pumzi. Mstari ulipanda ghafla siku ya kwanza, ukakaa juu siku baada ya siku kama uwanda wa mlima, kisha siku ya saba ukaanguka. Haukushuka polepole. Ulianguka wima, kwa muda wa saa chache tu, kama mtu aliyefika ukingoni mwa genge bila kulitazama.

"Unaona hapa?" alisema, akaweka ukucha wake pale ukingoni. "Hapa panaitwa krisis."

"Ni Kijerumani, Bwana mkubwa?"

"Ni Kiyunani. Waganga wa Kiyunani wa zamani hawakuwa na kipimajoto wala karatasi. Walikaa kando ya mgonjwa wakahesabu siku. Walijua kwamba kichomi hakimwachi mtu kidogo kidogo. Kuna saa moja ambayo mwili unakata shauri. Jasho linatoka, homa inaanguka, na mgonjwa ama anaishi ama moyo wake unasimama. Saa hiyo ndiyo krisis."

Nilimuuliza neno lenyewe lina maana gani kabla halijawa la ugonjwa. Alifurahi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza. Alisema mzizi wake ni kutenga, kuchambua, kuweka hiki huku na hiki kule. Akafanya ishara kwa mikono yote miwili, akatikisa kitu kisichoonekana, na hapo nikamwona mama yangu uani na ungo wake, uwele ukiruka na kurudi, makapi yakienda na upepo. Sikumwambia. Nilihisi kwamba nikisema nitaharibu.

Usiku huo nilililaza neno lile kifuani. Watu walioishi ng'ambo ya bahari, kabla ya vitabu vyote nilivyowahi kuviona, walikuwa wamekaa kando ya kijana anayehema, wakahesabu siku kwa vidole, wakaona jambo lilelile ambalo mimi ningeliona Dodoma kwa mstari wa buluu. Mwili haukuwa umebadilisha desturi yake.

Sikutosheka. Palikuwa na duka la Mgiriki karibu na kituo cha reli, ambalo liliuza misumari, taa, samaki wa makopo na kamba. Nilikuwa nimewasoma Wayunani katika Biblia ya misheni, lakini haikuwahi kunipitia akilini kwamba Wayunani wale na Wagiriki wa reli ni watu walewale. Nilipolitambua hilo nilitoka mbio. Nilimkuta mwenye duka akipanga makopo.

"Krisis?" alisema, akageuka. "Nani amekufundisha neno hilo?"

"Bwana mganga. Anasema ni la kwenu."

"La kwetu, ndiyo. Lakini yeye anadhani ni la hospitali." Alifuta mikono kwenye suruali. "Kwetu mtu akishtakiwa, kadhi akisikiliza pande zote kisha akakata kesi, ile ndiyo krisis. Na padri kanisani akisema habari ya siku ya mwisho, wema huku na wabaya kule, anasema krisis. Na bibi yangu, mtu wa kichomi akianza kutoka jasho, alitutoa sote chumbani akasema, kaeni kimya, ni krisis."

"Neno moja kwa yote hayo?"

"Neno moja. Sasa, karani, unanunua misumari au unanunua maneno?"

Nilinunua misumari miwili kwa aibu. Baadaye nililikuta neno lile katika gazeti kuukuu la Ulaya lililofungiwa chupa za dawa: krisis ya wafanyabiashara, krisis ya mawaziri. Nilichukia kidogo. Katika gazeti hakuna aliyehesabu siku, hakuna aliyekaa kando ya kitanda. Neno lilikuwa limelegezwa mpaka likamaanisha shida yoyote ile. Mimi nililitaka lilivyokuwa mdomoni mwa bibi ya Mgiriki. Nikiwatafsiria wagonjwa nililiita siku ya kukata shauri, na kila nilipolisema hilo niliona watu wananyamaza kwa namna ya pekee, kama wanaosikia nyayo za mtu mkubwa anayekuja.

Basi yule kijana wa Haneti aliletwa jioni moja ya kiangazi. Yeye, mama yake na mjomba wake walikuwa wameleta ng'ombe wa nyama kwa ajili ya kambi ya reli, wakapiga kambi Ipagala wakingoja zamu yao. Huko Ipagala baridi ilimshika, akatetemeka mpaka meno yakagongana, kisha homa. Walipomfikisha kwetu alikuwa anahema haraka haraka kama mbwa aliyekimbia, pua zikipanuka, na makohozi yake yalikuwa na rangi ya kutu.

Bwana mganga aliniambia niulize jambo la kwanza ambalo daima huulizwa katika kichomi: alitetemeka lini? Siku ya kutetemeka ndiyo siku ya kwanza, na kila kitu huhesabiwa kutoka hapo.

Nilimuuliza mjomba. Alikuwa mtu mrefu, mwenye masikio yaliyotogwa na shuka lililofifia rangi.

"Alitetemeka siku ya maji," alisema, "tulipowarudisha ng'ombe. Tangu hapo wamekunywa mara mbili. Leo ndiyo mara ya pili."

Sikuona ugumu wowote. Alitetemeka, kesho yake wakanywa, kesho kutwa wakanywa. Niliandika: siku ya tatu.

Asubuhi iliyofuata mjomba alisema wanataka kumpeleka nyumbani. Hakulisema kwa ugomvi. Alieleza tu kwamba mtu akizidiwa anapaswa kuwa katika tembe, nyumba ya baba yake, wenye mji wamwone na wamsemee kwa wazee waliotangulia. Akifa katika nyumba ya wageni, penye moto usio wa kwao, roho yake itahangaika na mji utahangaika nayo. Nilimtafsiria Bwana mganga. Alitembea chumbani kwenda na kurudi.

"Sipendi," alisema. "Lakini sifungi wagonjwa, hii siyo gereza. Leo ni siku ya nne. Waambie wanaweza kumbeba ikiwa wataondoka kesho alfajiri na wabebaji wa kupokezana. Watafika siku ya sita jioni, na krisis imkute amelala kwao. Wakichelewa zaidi ya hapo asiguswe kabisa. Mtu anayebebwa saa ya krisis moyo wake hauwezi."

Kisha akapanda gari la moshi la saa nne kwenda kwenye kambi moja ya mbali ambako mhandisi alikuwa amevunjika mguu. Kabla ya kuondoka alinionyesha kichupa cha mafuta ya kafuri na sindano, kwa ajili ya mgonjwa yeyote ambaye moyo wake ungelegea yeye asipokuwapo. Alikuwa amenifundisha kudunga sindano kwa kutumia papai.

Kwa nini basi nilikosa usingizi? Kwa sababu jioni ile nilipompima kijana niliona midomo yake imetoka vipele vya homa, alikuwa anazungumza na ng'ombe wasiokuwapo, na mshipa wa mkono ulikwenda mbio ukiwa mwembamba kama uzi. Nilikuwa nimewaona wagonjwa wachache wa kichomi, lakini niliwachora wote. Siku ya nne haikufanana hivyo. Hii ilifanana na ukingo. Nilijiambia kwamba mimi huona ukingo kila mahali. Nilijiambia kwamba Bwana mganga mwenyewe alimwona. Lakini Bwana mganga alikuwa amemtazama mgonjwa akiwa na namba yangu kichwani, na nani angeiangalia namba, kama siyo mimi?

Kulipopambazuka nilitoka. Machela ilikuwa tayari imelazwa uani, miti miwili na ngozi ya ng'ombe iliyokazwa katikati, na vijana wanne wamechuchumaa kando yake. Mama wa mgonjwa alikuwa anachochea moto mdogo.

"Mbukwa, mama," nilimsalimu.

"Mbukwa, mwanangu. Umeamka na macho mekundu. Hata makarani huumwa?"

"Sikulala vizuri. Mama, mnaondoka sasa?"

"Sasa hivi. Mjomba wake ana haraka. Atatusindikiza mpaka jua litakapokuwa pale," alionyesha kwa kidole, "kisha arudi Ipagala. Leo ng'ombe wanakunywa, hawezi kuwaachia watoto."

Nilitaka kuitikia na kuingia ndani. Lakini kitu kilinishika.

"Na jana aliwaachia nani?"

"Jana?" Alinitazama. "Jana walikuwa malishoni. Wangekunywa nini jana?"

"Kwani hamnyweshi kila siku?"

Mama yule aliacha kuchochea. Kisha akacheka, kicheko cha kweli cha mtu aliyechoka, akawageukia wale vijana. "Mmesikia? Anauliza kama tunanywesha kila siku. Kiangazi hiki!" Vijana nao wakacheka. "Mwanangu, wewe umezaliwa wapi?"

"Kibakwe."

"Ndiyo maana. Kwenu maji yanapita mlangoni, ng'ombe akitaka anainamisha kichwa. Sisi tunachimba mchanga wa korongo mpaka mtu anazama mabega. Leo maji, kesho majani, kesho kutwa maji. Ng'ombe wetu wenyewe wanajua, siku ya majani hata hawageuki upande wa kisima."

Kwetu milimani vijito havikauki, na tangu utoto wangu ng'ombe walikunywa kila siku kama watu wanavyokula kila siku. Nilikuwa nimehesabu siku za Haneti kwa maji ya Kibakwe.

Niliokota vijiwe. Sikuamini tena kichwa changu. Nilichuchumaa mbele yake nikaweka kimoja chini. "Siku aliyotetemeka ilikuwa ya maji. Iliyofuata?"

"Majani."

Nikaweka cha pili. "Kisha?"

"Maji. Kisha majani. Kisha maji, ndiyo tukamleta jioni."

Vijiwe vitano. Nilikuwa nimeandika tatu. Nikaongeza cha sita kwa ajili ya jana, na cha saba kwa ajili ya jua lililokuwa linachomoza nyuma ya mgongo wake. Mama yule alivitazama vile vijiwe, na kicheko kikamtoka usoni kabla sijasema neno. Aliweka mkono wake juu ya kile cha saba kama mtu anayefunika chungu.

"Baba yangu alikufa kwa ugonjwa huu," alisema polepole. "Walisema akiivuka saba atapona. Alikuwa njiani, anarudi kutoka kununua chumvi."

Mjomba alikuwa amekaribia. "Kuna nini? Jua linapanda."

Hapo palikuwa na njia ya kusema ambayo isingeniumiza. Ningeweza kusema mgonjwa amezidiwa. Ningeweza kusema Bwana mganga ameagiza. Nilizifikiria zote mbili, na ya tatu, na ya nne, wakati mtu yule mrefu amesimama mbele yangu akingoja, na nilijua kwamba nikiongopa ataona.

"Mjomba, asibebwe," nilisema. "Leo ni siku ya saba. Ndiyo siku ya kukata shauri. Akibebwa juani moyo hautaweza."

"Jana ulisema siku ya nne."

"Nilikosea. Nilidhani mnanywesha kila siku."

Alisema kwa sauti ambayo vijana wote waliisikia, "Jana karatasi yako ilisema nendeni. Leo inasema kaeni. Kesho itasema nini, karani? Kwamba sisi ndio wagonjwa?"

Mmoja wa vijana alicheka.

"Karatasi haikukosea," nilisema. "Ni mimi. Bwana mganga hajui. Aliwapa ruhusa kwa namba yangu. Angejua kwamba jana ilikuwa siku ya sita asingewaruhusu."

"Na akifia hapa? Utakwenda wewe Haneti kumwambia baba yake kwamba mwanawe alifia kwenye moto wa wageni kwa sababu karani hajui ng'ombe wanakunywa lini?"

"Nitakwenda," nilisema. Nilishangaa kusikia sauti yangu.

Aliyemaliza mambo ni mama. Alisimama, akaokota kijinga kimoja kutoka kwenye moto wake mdogo, akaenda nacho mpaka mlangoni mwa chumba cha wagonjwa, akachuchumaa, akakoka moto pale kizingitini kwa kuni alizobeba mwenyewe. Kisha akamwambia kaka yake, "Moto huu ni wetu. Tangu tuondoke nyumbani sijauacha uzime, njia nzima. Kama atakufa, atakufa kwenye moto wa kwao. Nenda ukawanyweshe ng'ombe, urudi."

Mjomba aliutazama moto ule. Kisha akaitazama machela, akaisukuma kwa mguu mpaka kivulini. Alikwenda, lakini hakukaa. Kabla ya saa saba mchana alikuwa amerudi, vumbi la kisima likiwa limemkauka mpaka viwikoni.

Tulikaa watatu kando ya kitanda. Sikumbuki nimewahi kukaa mahali penye ukimya wa namna ile. Saa nane homa ilikuwa digrii arobaini na nusu, mstari wangu bado uko juu uwandani. Kijana hakutujua. Pumzi zake zilikuwa fupi, kila moja ikikatwa na kile kichomi kabla haijafika mwisho, na mama yake alikuwa anazivuta pamoja naye bila kujijua. Nilikumbuka bibi ya Mgiriki akiwatoa watoto chumbani. Kaeni kimya, ni krisis.

Ilianza kwenye paji la uso. Tone moja, karibu na nywele. Nilidhani ni maji aliyopanguswa. Kisha juu ya mdomo, kisha shingoni, na baada ya hapo jasho halikuwa matone tena, lilikuwa linatoka mwilini kote kama maji yanayopanda kwenye mchanga wa korongo mtu anapochimba. Ngozi ya ng'ombe aliyolalia ililowa. Niliweka kipimajoto: thelathini na tisa. Nikakiweka tena baada ya muda: thelathini na nane. Nilikuwa nachora nukta na mkono wangu unaona aibu, kwa kuwa nilikuwa natazama jambo ambalo halikuhitaji kuchorwa. Hapana dawa iliyomwingia kijana yule. Hapana mtu aliyemwamuru. Ndani yake, mahali ambapo wala Bwana mganga wala mimi wala wale Wayunani hatujawahi kufika, kitu kilikuwa kimesikiliza pande zote mbili kwa siku saba na sasa kilikuwa kinakata kesi. Nilitaka kupiga magoti lakini niliogopa kumshtua mama.

Kisha mshipa ukalegea.

Nilikuwa nimeushika tangu mchana. Ulikuwa mbio, ukapungua, nikafurahi, kisha ukawa unakosa. Pigo, pigo, hakuna. Midomo yake iligeuka rangi ya majivu na vidole vikawa baridi. Nilivunja kichupa cha kafuri. Harufu ilijaa chumba, na mjomba akaruka kutoka alipokaa.

"Hiyo ni karafuu maiti!" alisema. Alikuwa amefanya biashara Kondoa miaka mingi, miongoni mwa Waislamu wa milimani, na aliijua harufu ile mahali pamoja tu. "Hiyo ndiyo wanayowapaka wafu wao! Hajafa bado, na wewe umeshaanza kumwandaa?"

"Ni kwa ajili ya moyo, mjomba."

"Nimeinusa makaburini!"

"Najua. Na mimi nimeinusa huko pwani." Sindano ilikuwa tayari mkononi mwangu. "Lakini ukidungwa nayo ungali hai, moyo unaamka."

Hakusogea. Alisimama kati yangu na kitanda. Sikuwa na nguvu ya kumwondoa, na nisingepata neno lingine la kumwambia. Maneno yangu yote alikuwa ameyasikia tangu alfajiri, na nusu yake yalikuwa ya kosa langu. Nilichofanya ni kumshika mkono, nikauweka kwenye kifundo cha mkono wa mpwa wake, nikakibonyeza kidole chake pale mshipani.

"Sikiliza mwenyewe," nilisema.

Alisikiliza. Niliona usoni mwake wakati pigo lilipokosekana. Akasogea.

Nilidunga. Nyama ya mtu haifanani na papai. Inakataa kwanza, kisha inakubali. Tulingoja, kidole cha mjomba kikiwa bado pale pale. Mama hakutuangalia sisi, alikuwa anaangalia midomo ya mwanawe. Sijui ni muda gani. Kisha mjomba akasema, bila kunitazama, "Linarudi." Baadaye kidogo, "Limerudi. Linatembea."

Jua lilipofika kwenye ukingo wa paa kipimajoto kilisema thelathini na sita na nusu. Mstari wangu wa buluu ulikuwa umeanguka kutoka juu mpaka chini katika safu moja tu ya karatasi, wima, kama ule ambao Bwana mganga alinionyesha. Kijana alikuwa amelala usingizi wa kweli, mdomo wazi, pumzi zikifika mwisho wake. Alipofumbua macho alimwona mama yake, kisha mjomba wake, kisha akauliza swali la mtu mwenye akili zake.

"Wamekunywa?"

"Wamekunywa," mjomba alisema. "Wote. Lala."

Mama alikwenda mlangoni kuongeza ukuni kwenye moto wake. Alipopita karibu nami alinigusa bega.

Ilibaki karatasi. Juu ya safu ile ya anguko palikuwa na namba tano, mwandiko wangu, niliyoitanguliza usiku ule kabla ya kuvihesabu vijiwe. Nilijua Bwana mganga angeisoma vipi. Alikuwa amenifundisha kwamba homa ya kichomi huweza kushuka mapema kwa udanganyifu kisha ikapanda tena, na kwamba mgonjwa wa namna hiyo haachiliwi, hubakishwa na kungojewa. Angemzuia kijana kitandani akingoja homa isiyokuja, huku baba yake Haneti akingoja habari. Au angeshangaa, akaitunza karatasi kama ajabu, na siku nyingine mgonjwa mwingine angeruhusiwa kubebwa au kukatazwa kwa sababu ya ajabu niliyoibuni mimi. Kwa upande mwingine, nikirekebisha namba, angeona mara moja kwamba ruhusa aliyoitoa ilitoka kwenye hesabu mbovu. Karani aliyenitangulia alikuwa amefukuzwa kwa kosa dogo kuliko hilo, na kabla ya kufukuzwa alichapwa viboko. Nilifikiria kufuta kwa mpira, kimyakimya, na kuandika upya. Kalamu ya risasi hufutika. Niliufikiria mpira ule asubuhi nzima ya siku iliyofuata, huku nikimpima kijana na kumkuta baridi na mwenye njaa.

Gari la moshi lilisikika kabla ya adhuhuri, likipiga honi upande wa mashariki. Nilichukua kalamu ya wino. Nilizikata namba zote kwa mstari mmoja mmoja, ili zilizokatwa zisomeke, nikaandika zilizo sahihi juu yake: tano, sita, saba. Chini, mahali pa maelezo, niliandika kwa Kijerumani changu cha shule kwamba Haneti ng'ombe hunywa siku moja na kupisha siku moja, kwamba karani hakuuliza, na kwamba krisis ilikuja siku yake. Nikaweka jina langu.

Wino ulikuwa haujakauka. Niliishika karatasi kwa ncha za vidole, mbele ya kifua, nikatoka nayo juani kwenda kituoni kumpokea Bwana mganga.